Baruti si unga wa kupimwa kwa jicho

Kuanzia mwaka 2007 maelfu ya Warundi wa mwaka 1972, waliokuwa wamezeekea katika kambi za Tanzania, walichukuliwa na kupelekwa Marekani. Wengine walipewa uraia wa Tanzania wakabaki Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sisi wengine tulirudi Burundi. Ukoo mmoja sasa una matawi matatu, na kila tawi limejifunza mambo ya pale lilipoangukia. Tawi la Marekani limejifunza, pamoja na mengine mengi, michezo ya kule. Mmojawapo ni kulenga shabaha kwa rivolva, na wanaoupenda mchezo huo hasa hawanunui risasi dukani. Huokota maganda waliyokwisha kuyatumia na kuyajaza upya nyumbani.

Kwa masikio yetu hili ni jambo la kutisha. Katika nchi iliyopita tulikopita sisi, mtu anayejaza risasi mezani kwake usiku hahesabiwi kuwa mwanamichezo. Lakini kule sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza risasi za kutumia mwenyewe bila leseni. Leseni inahitajika pale anapotaka kuziuza. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kemia, jamaa zaidi ya mmoja wameniuliza kwa simu: "Mwalimu, baruti ipi ndiyo inayofaa?" Naandika jibu hadharani kwa sababu swali hilo lina upande wa pili unaowahusu wanaovuka mpaka kule Kobero, Mugina na Gatumba. Nitaufikia.

Tuliokulia Ulyankulu tulijua baruti ya aina moja tu: ile nyeusi, ya gobore, inayotoa moshi mzito na harufu ya kiberiti. Nchi ile katika karne ya 19 ilikuwa ya Mtemi Mirambo, ambaye majeshi yake yalipigana kwa baruti hiyo hiyo iliyopanda na misafara kutoka pwani. Mirambo alifariki mwezi Desemba 1884. Mwaka huo huo, huko Ufaransa, mkemia Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyo na moshi. Dunia ya silaha ikagawanyika hapo. Miaka sita baadaye Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha mpya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango wazi, kwa masharti, kwa gobore na baruti ya kawaida. Ndiyo maana hadi leo mtu wa kwetu akisikia neno "baruti" anaona kitu kimoja tu machoni pake. Na hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu vitu viwili visivyofanana kabisa vinabeba jina moja.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa chumvi ya shura, kiberiti na makaa. Isiyo na moshi ni kitu kingine: ni pamba au nyuzi za mti zilizotiwa asidi mpaka zikageuka nitroselulosi, na katika aina nyingi huongezwa nitrogliserini. Kwa uzito ule ule, hii ya pili ina nguvu kubwa zaidi, tena hutokea ikiwaka polepole au haraka kadiri mtengenezaji alivyotaka. Ukubwa wa punje, umbo lake, kama ni kibamba, kidonge au kijiti, na dawa inayopakwa juu yake, ndivyo vinavyoamua mwendo wa kuungua. Kwa hiyo dukani Marekani mtu hakuti baruti, anakuta makopo ya aina kadhaa wa kadhaa, kila moja na jina lake. Kuchagua ni kulinganisha mwendo wa kuungua na chombo kinachojazwa.

Tukitazame basi hicho chombo. Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyopachikwa kwenye kitako, baruti, na kichwa cha risasi kinachofunga mdomo. Walenga shabaha wa rivolva wamependa kwa zaidi ya miaka mia moja ile ya .38 Special, iliyotolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19. Ilipoanza ilikuwa ya baruti nyeusi, nayo inataka nafasi, hivyo ganda likafanywa refu. Baruti isiyo na moshi ilipochukua mahali pake, ganda halikufupishwa. Matokeo yake mlenga shabaha wa leo anaweka kiasi kidogo mno chini kabisa ya ganda, kama sukari ya mgonjwa wa kisukari katika kikombe kikubwa cha chai.

Kidogo kiasi gani? Wao hupima kwa greni, uzani wa kale uliotokana na mbegu ya nafaka. Greni moja ni gramu 0.065 hivi. Kichwa cha risasi cha shabaha, kile kisicho na ncha ambacho hukata tundu la duara safi kwenye karatasi ili alama zisomeke bila ubishi, kina greni 148, yaani kama gramu 9.6. Baruti ya kukisukuma, ikiwa ni ya kuungua haraka, kwa kawaida haifiki hata greni 3. Ni chini ya gramu 0.2. Ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo kopo dogo la ratili hutoa risasi zaidi ya 2,300. Wafanyabiashara watanielewa mara moja: bei ya kopo karibu haina maana katika hesabu hiyo. Wanaohangaika kutafuta baruti ya bei nafuu wanahesabu senti na kusahau kwamba fataki na vichwa ndivyo vinavyokula pesa.

Sasa kwa nini iwe ya kuungua haraka? Mtutu wa rivolva ya shabaha ni mfupi, mara nyingi sentimita 15 tu, na risasi haitakiwi kwenda kasi. Karatasi haina haja ya kuuawa. Mita 220 kwa sekunde zinatosha, mwendo ulio chini ya ule wa sauti, na mkono hautikisiki sana. Baruti ya polepole ikiwekwa kidogo katika hali hiyo haipati mgandamizo wa kuungulia. Nyingine hutoka mbichi na kuangukia chini ya kitoleo cha maganda, silinda ikakwama. Mbaya zaidi, moto unaweza kufifia kabisa, kichwa cha risasi kikabaki katikati ya mtutu. Mpigaji akidhani amekosa tu, akafyatua ya pili, mtutu unavimba au kupasuka. Rivolva nayo ina uwazi mwembamba kati ya silinda na mtutu ambapo sehemu ya gesi huponyoka, kwa hiyo haina nguvu ya akiba ya kusukuma kilichokwama.

Kati ya baruti za haraka, jina la kale zaidi ni Bullseye, iliyokuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Imepita mikononi mwa kampuni kadhaa na bado inapendwa. Vibamba vyake ni vidogo sana, inawaka kwa risasi nyepesi bila kusita, na wazee wa mchezo hawataki kusikia nyingine. Zipo pia W231 na HP-38, na hapa wenye maduka watacheka: ni baruti ile ile moja katika makopo mawili yenye majina mawili, kama mafuta ya kupikia ya kiwanda kimoja yanayouzwa kwa lebo mbili. Ni ya vidonge vilivyobanwa, inatiririka vizuri kwenye mashine ya kupimia. Titegroup ilibuniwa ili isibabaishwe na mahali ilipolala ndani ya ganda. Jambo hili si dogo: ganda likiwa karibu tupu, baruti huweza kulala upande wa fataki au upande wa kichwa, kutegemea mtu alivyoinua bastola, na kasi ikabadilika kati ya risasi na risasi. Kwa mlenga shabaha, risasi zisizolingana kasi ni alama zilizopotea. Vihtavuori ya Finland inasifiwa kwa usafi, na bei yake inasema hivyo hivyo.

Kinyume chake iko H110, iliyotengenezwa kwa risasi nzito za magnum. Akili ya kawaida ingesema: basi nipunguze kipimo, itakuwa laini. Watengenezaji wenyewe wanakataza kuipunguza chini ya kiwango walichoandika, kwa sababu ile ile ya kichwa kukwama mtutuni. Katika kemia ya jikoni, kupunguza daima ni kuongeza usalama. Katika baruti sivyo.

Lakini kama jamaa yangu angeniuliza kigezo kimoja tu, nisingeanza na usahihi wala usafi. Ningeanza na nafasi iliyobaki ndani ya ganda. Kipimo kidogo cha baruti ya haraka katika ganda refu maana yake ganda hilo linaweza kupokea vipimo viwili, hata vitatu, bila kumwagika wala kuonyesha dalili kichwa kinapofungwa juu yake. Mtu akiitwa na mtoto, akarudi mezani, akajaza tena ganda alilokwisha kulijaza, amekwisha kuivunja bastola yake bila kujua. Silinda hupasuka na bamba la juu huruka. Kwa anayeanza, napendelea baruti yenye ujazo mkubwa kidogo, kama Unique, hata kama si ya kwanza kwa usahihi, maana kipimo chake huonekana vizuri zaidi ndani ya ganda na cha pili kinajionyesha. Wakongwe wanapinga, wanasema kinacholinda ni utaratibu. Wanasema kweli, ila utaratibu hujengwa kwa miaka na kopo hununuliwa siku moja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Maganda hamsini yamesimama kwenye kibao chenye matundu. Mezani pana kopo moja tu, na baada ya kazi baruti iliyobaki hurudi katika kopo lake, si lingine. Kipimo hutoka kwenye kitabu cha karibuni cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, kwa kichwa kile kile kilichotajwa, na huanzwa na kiwango cha chini kilichoandikwa. Mizani ni ya kusoma sehemu ya kumi ya greni, ndugu yake ile ya wanunuzi wa dhahabu. Kabla ya kufunga hata kichwa kimoja, tochi humulikwa ndani ya maganda yote hamsini, na lile lenye kimo tofauti na wenzake humwagwa. Hakuna redio, hakuna sigara, hakuna maongezi. Rangi haimtambulishi mtu baruti, kwa kuwa nyingi ni za kijivu au nyeusi. Kopo lisilo na lebo halitumiki, hata kama lina baruti nzuri. Likitoa harufu kali ya asidi au vumbi jekundu la kahawia, limeoza na ni la kuondolewa nyumbani.

Nilisema kuna upande wa pili. Watu wanaorudi likizo huulizwa na wenyeji: "Si uniletee kopo moja tu?" Wengine huona kopo la ratili moja, jepesi, lililofungwa vizuri kiwandani, wakadhani ni kama rangi ya ukuta. Abiria wa ndege za Marekani haruhusiwi kubeba baruti, si mkononi wala katika mzigo wa chini. Kwa huku kwetu, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Burundi, Tanzania, Rwanda, Uganda, Kenya na Kongo zimo, inahesabu kuwa risasi si kitu kizima tu bali na vipande vyake: ganda, fataki, baruti na kichwa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mama anayevuka Mugina na magunia ya maharage, akapewa kifurushi "cha dawa ya kuulia wadudu" ampelekee mtu Kasulu, akikamatwa nacho ataulizwa yeye kwanza. Mwenye mzigo hayupo. Fungua kila kifurushi, au kikatae.

Na tuseme kopo limevuka bila kuonekana. Hapa hakuna wenye .38 za shabaha. Litafika kwa mwenye gobore, mwindaji wa nguruwe au mlinzi wa shamba, ambaye maisha yake yote amepima kwa kiganja au kwa kifuniko cha chupa, kwa sababu baruti nyeusi ilimvumilia. Hajui kusoma neno lililoandikwa kwenye kopo. Ameambiwa tu ni baruti ya Kizungu, nzuri, haina moshi. Atamimina kifuniko kile kile. Humo kuna nguvu ya makumi ya risasi za rivolva, na mtutu wake ni bomba lililochomelewa na fundi wa kijijini, lililokusudiwa moshi na moto wa kizamani. Anaposhika shabaha, bomba hilo liko kiasi cha shubiri moja kutoka shavuni kwake.