Neno "Msimamo" Katika Mashindano

Jedwali linalopanga timu kwa pointi huitwa msimamo wa ligi. Nomino hii imetokana na kitenzi kusimama, ingawa kinachoonyeshwa hakisimami: kila mchezo hukibadili. Kifaransa, kwa neno classement, hutaja tendo la kupanga, na hapo kinakaribia ukweli zaidi, kwani pointi zikilingana kanuni ndiyo huamua. Katika ligi ya Uingereza, hadi mwaka 1976, mabao ya kufunga yaligawanywa kwa mabao ya kufungwa. Tangu hapo ya pili hutolewa katika ya kwanza. Timu iliyofunga 4 na kufungwa 1 huitangulia iliyofunga 10 na kufungwa 4 kwa kugawanya (4 dhidi ya 2,5). Kwa kutoa, huachwa nyuma (3 dhidi ya 6).