Fahamu: Kwa nini redio husikika nyuma ya Mwamba wa Tororo
Mwamba wa Tororo hauyakatizi mawimbi ya redio kabisa: yakifika ukingoni hupinda na kuingia kivulini mwake. Kinachoamua ni urefu wa wimbi: kadiri lilivyo refu, ndivyo linavyopinda zaidi. FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Simu ya megahezi 1,800, sentimita 17 hivi. Ndiyo maana simu huwahi kupoteza mtandao nyuma ya mwinuko. Wapo watakaosema mawimbi huakisiwa tu na kuta. Huakisiwa kweli, lakini chukua mfano wa sauti: sauti ya aliye ndani ya nyumba humfikia aliyejibanza uani kando ya mlango, hata pasipo ukuta wa kuirudisha. Wimbi la sauti hukaribia mita 1, sawa na upana wa mlango. Mwanga nao hupinda, ila wimbi lake halifiki hata sehemu ya elfu ya milimita, hivyo mlangoni huonekana umenyooka.