Dawa ya Kuzuia Kuhara: Mahali Pake na Hatari Zake

Katika Ngara na Biharamulo hakuna nyumba isiyoujua ugonjwa wa kuhara. Mtoto akishikwa tumbo, mara nyingi mtu hutumwa dukani kununua kidonge cha kuzuia. Kidonge hicho huenda kikawa loperamidi, ambayo wengine huijua kwa jina la Imodium. Yafaa tujue kazi yake, kwa maana ni dawa njema mahali pake, tena ni hatari mahali pasipo pake.

Utumbo wa mwanadamu hujikunja na kujikunjua daima, ukisukuma chakula mbele. Loperamidi hupunguza mwendo huo. Haiui vijidudu vya ugonjwa, wala hairudishi maji yaliyokwisha kutoka mwilini. Mtu mzima anayehara maji tu, asiye na homa wala damu, aweza kupata nafuu kwayo, hasa akiwa safarini. Lakini asipite kipimo kilichoandikwa, na siku 2 zikipita bila kupona aiache, aende kwa mganga. Kuizidisha sana huweza kuharibu mapigo ya moyo; mwaka 2016 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo juu ya jambo hilo.

Basi, nani asipewe? Kwanza, mtoto mdogo. Karibu na mwaka 1990 huko Pakistan watoto wachanga walipewa dawa hii ya matone. Matumbo yao yakaacha kufanya kazi, na baadhi yao wakafa. Pili, mwenye kuhara damu au mwenye homa kali. Huyo akifungwa tumbo, ni sawa na kufunga mlango na mwizi yumo ndani: vijidudu na sumu yake hukaa na kuzidi kudhuru. Tatu, mtu ambaye tumbo lake limevimba.

Tena, mama asidanganyike akiona nguo za mtoto zimekauka. Maji yaweza kuwa yamekusanyika ndani ya utumbo, na mwili ukazidi kukauka bila yeye kujua. Kwa kuwa kinachoua upesi katika kuhara ni kupotewa na maji na chumvi, dawa iliyo kubwa ni kuvirudisha.

Jambo hili lilidhihirika katika kambi za wakimbizi. Wazee wa Ngara wanakumbuka Aprili 1994, wapata watu 250,000 walipovuka Rusumo kwa siku moja hivi. Wanajua jinsi kuhara kunavyoogopwa mahali watu wengi wanapobanana na maji ni haba. Miaka 23 kabla ya hapo, mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, India, akiwauguza wakimbizi wa Bangladesh wenye kipindupindu. Maji ya kutia mishipani yalipomwishia, aliwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Waliokuwa wakifa wapata 30 katika kila 100 walipungua hata chini ya 4.

Maji hayo ndiyo ORS ya leo. Pakiti ya lita moja huchanganywa na maji safi lita moja, si pungufu wala zaidi. Ikikosekana, twaa maji yaliyochemshwa na kupoa lita moja, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, na chumvi nusu kijiko kidogo. Onja: yasipite machozi kwa chumvi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo kikombe hata nusu kikombe kila aharapo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mama asiache kunyonyesha, wala mtoto asinyimwe chakula. Zahanati humwongezea vidonge vya zinki vya siku 10 hata 14. Navyo vimalizwe hata kama kuhara kumekoma.

Ukiona damu, macho kudidimia, mtoto kulegea au kushindwa kunywa, usikawie. Mpeleke Murgwanza, Rulenge, hospitali ya Biharamulo, au zahanati iliyo karibu, ukimnywesha njiani.

Watu wa Biharamulo wanayo sababu nyingine ya kutoficha ugonjwa nyumbani. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani humo. Hata ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamekufa, wakiwamo 8 waliodhaniwa tu kuwa nao. Ugonjwa huo huja na homa kali, kutapika na kuhara. Kidonge cha dukani hakiuondoi; huweza kumfanya mtu akawie tu, na wanaomwuguza wakaambukizwa.

Nanyi walimu, andikeni ubaoni kipimo cha maji, chumvi na sukari, watoto wakishike kwa moyo na kukipeleka nyumbani. Mtoto wa darasa la tatu aweza kumwokoa mdogo wake kwa kijiko na kikombe, kabla baba hajarudi kutoka dukani.