Pedali Ikiwa Ngumu, Tusiseme Ajali Haina Kinga

Ajali haina kinga, husema waja. Msemo huu nimeusikia matangani, nimeusikia kwenye vituo vya matatu, na hata katika vyumba vya walimu. Sikatai kwamba yako mambo yanayomfika binadamu bila ya yeye kuyatarajia. Hata hivyo, wahenga hao hao walitwambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Leo ningependa, msomaji mpenzi, tuipime misemo hii miwili kwa mizani moja tu: pedali ya breki ya gari la dizeli.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sehemu za Ngaremara, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Isiolo. Barabara ipitayo hapa ndiyo iendayo Archer's Post, Marsabit na Moyale. Zamani mawe na vumbi vilimlazimisha dereva kwenda polepole. Tangu barabara hiyo ya takriban kilomita 500 ilipokamilishwa kutiwa lami katika muongo wa 2010, malori ya mifugo na magari ya abiria hupita kwa kasi usiku na mchana. Lami imempa dereva mwendo, na mwendo hudai breki.

Muhula mmoja tuliwapeleka wanafunzi Nanyuki kwa mashindano. Asubuhi ya safari dereva wetu, mzee aliyelijua gari lake kama mfugaji amjuavyo ngamia wake, aliniambia: "Mwalimu, pedali imekuwa ngumu. Nikikanyaga mara ya kwanza inaitika. Mara ya pili ni kama nakanyaga jiwe." Alikuwa amekwisha kuwaarifu waliohusika siku tatu kabla ya hapo. Aliambiwa atie padi mpya za breki, na mengine yangoje shule zifungwe. Padi zikatiwa, pedali ikabaki ngumu vile vile. Nami, pamoja na fizikia yangu yote, nilimwitikia kwa kichwa, kisha nikapanda gari.

Jioni tulikuwa tukirudi. Nanyuki iko kwenye kimo cha takriban mita 1,900, ilhali Isiolo ni kama mita 1,100, na sehemu kubwa ya mteremko huo huja baada ya kuipita njia panda ya Subuiga. Mbele yetu palikuwa na lori la ng'ombe likijikokota. Mzee alikanyaga breki, gari likapungua mwendo. Alipokanyaga tena, nilimwona akiinuka kitini, miguu yote miwili juu ya pedali, mkono mmoja ukirudisha gia na kisha kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo. Tulisimama kando ya barabara, kwenye changarawe, karibu na lori lile kiasi cha kuweza kuhesabu mbao zake za nyuma. Baadhi ya wanafunzi walicheka wakidhani ni mzaha. Kisha kila mtu akanyamaza.

Kesho yake fundi wa Isiolo aliupata ugonjwa. Breki zenyewe zilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa pampu ya vakamu, kama waiitavyo mafundi, yaani pampu ya kutengeneza ombwe. Kijibomba kinachoipelekea oili kilikuwa kimezibwa na uchafu wa oili iliyokaa mno bila kubadilishwa.

Ombwe lina uhusiano gani na breki? Katika miaka ya 1650, huko Ujerumani, Otto von Guericke aliunganisha mabakuli mawili ya shaba na kuiondoa hewa iliyokuwamo. Farasi waliovuta kila upande walitaabika kuyatenganisha, kwa kuwa uzito wa hewa ya nje uliyabana. Gari linatumia kanuni hiyo hiyo. Nyuma ya pedali kuna chombo cha mviringo kiitwacho busta, chenye utando wa mpira ndani yake. Upande mmoja wa utando huwa na ombwe. Dereva akikanyaga, hewa ya nje huingia upande wa pili na kuusukuma utando. Chukua utando wenye kipenyo cha sentimita 25 na tofauti ya kanieneo ya kilopaskali 70: utapata nguvu inayokaribia uzito wa kilo 350. Huo ndio msaada anaoupata dereva kila akanyagapo, na huo ndio msaada uliomtoroka mzee wetu mteremkoni.

Injini ya petroli hujipatia ombwe lake yenyewe, kwa maana kilango chake cha hewa huibana njia ya hewa inapofyonzwa. Injini ya dizeli ya kawaida haibani hewa hivyo. Nguvu yake hupimwa kwa kiasi cha mafuta yanayonyunyizwa. Kwa sababu hiyo sharti iwe na pampu ya pekee. Katika magari mengi ya Kijapani, hasa ya miaka iliyopita, pampu hiyo hufungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya betri huwaka, na wengi hudhani kwamba ni chaji tu iliyopotea, kumbe na msaada wa breki umekwenda nao.

Dalili zake, basi, si za kubahatisha. Ya kwanza ni pedali ngumu, hasa unapokanyaga mara ya pili au ya tatu kwa kufuatana. Ya pili ni gari kuhitaji masafa marefu zaidi kusimama. Ya tatu ni oili inayovuja kwenye alteneta au kuonekana ndani ya bomba la mpira liendalo kwenye busta. Ya nne ni mlio wa kugongagonga penye pampu, au sauti ya hewa ikipenya. Aidha, tusichanganye maradhi: pedali inayozama hadi sakafuni huashiria kuvuja kwa mafuta ya breki au kuingia kwa hewa ndani yake, nayo ni hatari ya namna nyingine. Malori makubwa yanayotumia hewa iliyoshindiliwa nayo yana taratibu zake.

Kuna jaribio ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulishuhudia, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kisha aikanyage na kuishikilia, halafu awashe injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, msaada upo. Isipozama, kuna kasoro katika pampu, bomba, vali au busta. Hapo bomba litolewe kwenye busta injini ikinguruma, na fundi azibe mdomo wake kwa kidole gumba: asiposikia mvuto wa nguvu, ugonjwa uko kwenye pampu au njia yake. Jaribio zima halimalizi dakika kumi.

Na ikiwa msiba umekwisha kuanza njiani? Dereva asipigepige pedali, kwani kila akanyagapo hutumia akiba ya ombwe iliyosalia. Aikandamize kwa nguvu zake zote bila kuiachilia, arudishe gia, na avute breki ya mkono taratibu. Gia ndogo hulizuia gari, tena huizungusha injini, na pampu pamoja nayo, kwa kasi zaidi. Kamwe asizime injini mteremkoni ili kuokoa mafuta, maana kuzima injini ni kuizima pampu.

Narudi kwenye msemo wetu. Sheria huyataka magari ya abiria na ya biashara yakaguliwe kila mwaka, na ni vyema hivyo. Lakini mkaguzi huliona gari siku moja. Siku zilizobaki gari hukaguliwa na mguu wa dereva. Mguu ule wa mzee ulikuwa umekwisha kutoa ripoti siku tatu kabla ya safari. Aliyeipuuza ofisini alikosa, na mimi niliyeipuuza mlangoni mwa gari nilikosa zaidi, kwani nilikuwa na elimu ya kuifasiri ripoti hiyo.

Ndiyo maana siku hizi, tunapofika kwenye somo la kanieneo, huwatoa wanafunzi nje tukalifanye jaribio hilo kwenye gari lenyewe, na mzee yule ndiye anayefundisha. Walimu wenzangu, kabla hamjawapandisha watoto garini, mwulizeni dereva pedali ikoje. Akijibu kwamba ni ngumu, washusheni watoto na safari iahirishwe. Mashindano yatafanyika tena mwaka ujao.