Mchuuzi wa Ufipa, usisahau kifurushi cha dharura

MCHUUZI anayepanda kwa miguu na samaki kutoka Bonde la Ziwa Rukwa huanzia kwenye joto, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa juu wa Ufipa, ulipo mji wa Sumbawanga, unazidi mita 1,700. Akilowa mvua na kukutwa na usiku katika milima ya Mbizi, baridi inaweza kumuua.

Kinga ni nyepesi: sweta, kipande cha turubai, kiberiti ndani ya kopo lenye kifuniko, tochi, filimbi, maji na karanga. Ukilowa, vaa nguo kavu. Usinywe pombe, kwani hupoteza joto la mwili. Kabla ya safari, waage nyumbani, ukitaja njia na saa ya kufika.

Mtaji hurudi, uhai haurudi.