Mabaki ya Miti Yanapoachwa Mlimani

Mti wa mbao ukishaangushwa, shina hupakiwa kwenye lori. Vilele, matawi, magome na vipande vilivyovunjika hubaki msituni. Kwenye ardhi tambarare mabaki hayo huoza yakarutubisha udongo. Juu ya mto wenye kingo za mteremko mkali, ni hatari inayosubiri mvua.

Wakazi wa Gisborne, mashariki mwa Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, wanaijua vizuri hatari hiyo. Milima yao ni ya udongo laini, na msitu wa asili ulifyekwa zamani kupisha malisho. Kimbunga Bola kilipoporomosha miteremko mwezi Machi 1988, serikali iligharimia upandaji wa misindano ili mizizi ishike udongo. Ilishika kweli. Lakini msindano wa radiata huvunwa ukifikisha miaka 25 hadi 30, na mlima ukishakatwa wote kwa mkupuo, mizizi ya zamani huoza kabla miche mipya haijapata nguvu. Kwa miaka kadhaa mlima hubaki mtupu, umejaa mabaki.

Mvua ya Juni 2018 iliyashusha hadi Tolaga Bay, yakatapakaa mashambani na ufukweni. Januari 2023 mtoto alifariki katika ufuko wa Gisborne baada ya kuumizwa na gogo lililokuwa likielea. Mwezi uliofuata kikaja Kimbunga Gabrielle.

Madhara ya mabaki hayo huanzia darajani. Gogo moja refu hukingama kwenye nguzo, la pili huliegemea, matawi huziba mianya, na tope hukandika juu yake kama ukuta. Mto uliozuiwa hufurika mashambani, hula tuta la barabara, na mara nyingine huondoka na daraja lenyewe.

Kazi ya kuzuia hayo hufanywa juu, kabla ya mvua. Pa kuanzia ni yadi ya magogo. Kwenye milima mikali miti huvutwa kwa kamba za chuma hadi kwenye yadi iliyo kileleni, na huko ndiko inakopunguzwa matawi. Makapi hurundikana ukingoni, mara nyingi juu ya udongo wa kujaziwa. Maji yakilowesha rundo, linateremka lote pamoja na udongo wake. Kwa hiyo makapi huvutwa nyuma hadi kwenye ardhi imara, na mifereji huchimbwa kuyapeleka maji kando.

Kanuni zilizokazwa mwishoni mwa 2023 zilitaka pia vipande vyenye urefu wa zaidi ya mita 2 na unene wa zaidi ya sentimita 10 viondolewe kwenye miteremko inayomomonyoka sana, pale inapokuwa salama kufanya hivyo. Vifupi hupita chini ya daraja. Virefu ndivyo vinavyokwama. Vikiondolewa vinaweza kuwa kuni au vibanzi vya mbao vya kuwashia matanuri ya viwandani, ingawa gharama ya kuvitoa mlimani mara nyingi huzidi bei yake.

Nguzo za chuma zilizopigwa ndani ya kijito kunasa magogo husaidia, mradi zisafishwe kila baada ya mvua. Zikijaa zikavunjika, shehena yote hushuka kwa mpigo.

Uchunguzi wa serikali wa 2023, ulioongozwa na Hekia Parata, ulikwenda mbali zaidi: ukapendekeza ukataji wa maeneo makubwa kwa mkupuo usimamishwe Gisborne, isipokuwa kwa masharti makali. Kwenye miteremko dhaifu kuliko yote, kinachohitajika ni msitu wa kudumu wa miti ya asili, usiovunwa kabisa.