Kemia yafichua utajiri uliomo katika mzizi wa mukombero

KATIKA masoko ya Kakamega na miji mingine ya Magharibi mwa Kenya, wachuuzi huuza vipande vya mizizi yenye harufu tamu inayokaribia ile ya vanila. Hiyo ndiyo mizizi ya mukombero, mmea unaotambaa ambao wanasayansi huuita Mondia whitei na Waganda huuita mulondo. Wengi huitafuna ili kuongeza hamu ya chakula au nguvu za kiume.

Hata hivyo, mkulima anayetaka kuuzia kiwanda hukabiliwa na swali moja: ndani ya mzizi huu mna nini hasa? Kiwanda hakinunui sifa, hununua kitu kinachoweza kupimwa.

Jibu hupatikana maabarani. Kwanza, wataalamu wa mimea huthibitisha jina la mmea kwa kukagua majani na maua yake. Kisha mizizi huoshwa, hukaushwa kivulini na kusagwa. Unga wake hulowekwa katika viyeyusho kama vile heksani na methanoli, ambavyo baadaye huvukizwa na kuacha utomvu mzito.

Utomvu huo ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Hupitishwa katika bomba la kioo lililojazwa jeli ya silika. Baadhi ya kemikali hushuka haraka, nyingine polepole, na kila moja hukingwa katika chupa yake. Mbinu hii huitwa kromatografia.

Kazi ngumu ni kuitambua kila kemikali. Ile inayoupa mukombero harufu ni 2-haidroksi-4-methoksibenzaldehaidi. Fomula yake ni C8H8O3 na uzito wa molekuli ni 152, sawa kabisa na vanilini ya vanila. Kwa hivyo uzito pekee hauwezi kuzitofautisha. Lakini vanilini huyeyuka katika nyuzi 81 hadi 83 za Selsiasi, na hii ya mukombero katika nyuzi 41 hadi 43. Mashine inayotumia sumaku yenye nguvu huonyesha jinsi atomi zilivyopangwa, na hapo shaka huisha.

Mwaka 1999, watafiti Kubo na Kinst-Hori walichapisha matokeo kwamba kemikali hiyo huzuia tirosinase, kimeng'enya kinachofanya matunda yaliyokatwa kuwa meusi na kinachochangia rangi ya ngozi. Vizuizi vya aina hii huvutia watengenezaji wa vyakula na vipodozi.

Lakini kuitambua kemikali si kuthibitisha kwamba mzizi unaponya. Hilo huhitaji majaribio ya usalama na ya tiba kwa binadamu.

Kwa mkulima, funzo ni wazi. Harufu hiyo hupotea hewani, hivyo usianike mizizi juani, na ukishaikausha ihifadhi katika chombo kilichofungwa vizuri. Kata mizizi michache na uache shina liendelee kukua, kwani kung'oa mmea mzima ni kula mtaji.

Aidha, kanuni za Kenya za mwaka 2006 humtaka mtafiti wa rasilimali za kijenetiki awe na kibali na ridhaa ya wenyeji. Kabla ya kumkabidhi gunia, dai makubaliano ya mgao wa faida yaliyoandikwa.